Jua Limesoma Risiti Zangu

Juni, na upepo wa Kibaigwa unachuna midomo.
Nimeshusha kopo la maziwa ya unga juu ya kabati,
nimelipindua mkekani:
mwaka mzima umemwagika, mweupe.

Mweupe kweli. Mashine za risiti huandika kwa joto,
na joto la Oktoba chini ya paa langu la bati
limesoma kila mstari, likaufuta.
Nimebaki na karatasi laini kama utosi wa mtoto,
na tarehe thelathini inakuja bila kupunguza mwendo.

Redioni walisema sheria imeguswa tena,
viwango vimesogezwa, huku juu, kule chini;
mtangazaji akaharakisha, akaingia kwenye mpira.
Elimeleki muuza vipuri anaapa
ni sisi wadogo tuliopunguziwa.
Mkewe anaapa ni kinyume.
Nikawauliza, karatasi yenyewe iko wapi?
Wakanionyesha simu, kioo kimepasuka,
ujumbe umepita mikono mia, hauna mwenyewe.

Basi nakaa, nanusa.
Hii inanuka dizeli: dizeli.
Hii ina tope: mkanda wa mtambo, Januari,
siku lori lilipozama Pandambili tukalala njiani.
Hii imeungua pembeni, usiku umeme ulipokatika
nikahesabu magunia ya alizeti kwa mshumaa.
Hii imekunjwa mara nane.
Nainyoosha. Inanuka wodi.
Naikunja tena, mara nane.

Ndahani, kijana wangu wa mtambo, anasoma fomu kwa sauti,
kidole kinatambaa chini ya maneno:
gharama zinazokubalika.
Mshahara wake, upo. Anatabasamu.
Gunia la uwele nililopeleka msibani kwa Madeje,
aliyenunua kwangu miaka tisa
na kunivutia nusu ya wateja nilio nao,
hatulioni pa kuliweka.
Mtambo unaruhusiwa kuchakaa kwa asilimia;
mgongo wangu umechakaa bila kibali.

Alhamisi nikaenda mjini.
Dirishani, kijana mwembamba, tai imelegea.
"Mbukwenyi," nikasema. Akashtuka, akaitika,
sauti ikamrudi kijijini kwa sekunde moja.
Nikamwaga kopo mbele yake.
"Mama, mbona ni tupu hizi?"
"Zimesomwa na jua."

Hakucheka. Akageuza kioo cha kompyuta nikione.
Yalikuwepo yote!
Kila dumu nililouza, siku yake, saa yake,
hata lile la Jumapili niliyotoroka ibada.
Sijawahi kukumbukwa na mtu namna ile.
Mume wangu, marehemu, alikuwa akisahau hata jina la mama yangu.
"Chilewa alichukua matano," nikasema, "akalipa manne."
"Mashine inasema matano."
"Mashine haimjui Chilewa."
"Na gharama zangu?" nikauliza. "Zimo humo?"
Akatazama zile karatasi nyeupe,
akainua moja kwenye mwanga, akaigeuza,
akaishusha taratibu kama kifaranga.
"Mauzo tunayo sisi, mama.
Gharama ulete wewe."

Akaniandikia nyuma ya bahasha majina ya kurudia:
kituo cha mafuta, muuza mikanda, stoo ya mbegu;
niombe nakala, mlango kwa mlango, siku kumi na moja.
Viwango vipya? Akanisomea, pole pole, mara mbili.
Elimeleki alikuwa sahihi kidogo.
Mkewe naye, kidogo.

Njiani kurudi nikajaza dumu la dizeli.
Risiti ikatoka, bado ya moto, maandishi yake meusi ti.
Nikaegemea pampu, nikatoa kalamu ya wino,
nikaandika juu ya kila tarakimu, moja moja,
lita, shilingi, tarehe, saa,
bodaboda zikipiga honi nyuma yangu
na mhudumu akisema, "Bibi, si imeshaandikwa?"
Nikamwambia asubiri. Bado senti.